Tatizo: Picha Zinatikisika

Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye stakabadhi,
Makoroboi, mvua za vuli zikianza,
chini ya jina Lubango, bila namba ya simu.
Mimi ni fundi saa. Nilimwambia.
Akasema, mwenye mkono wa saa ndiye ninayemtaka,
akaiacha mezani, mikono mfukoni,
akapotea kati ya masufuria na vitenge.

Kamera ndogo, nyeusi, yaenea mfuko wa shati
lakini nzito kama jiwe la mizani.
Pete ya lenzi ukiizungusha inalia tik, tik,
saa ya ukutani inayotiwa ufunguo,
na bei yake, niliulizia baadaye,
ng'ombe watatu na ndama.

Niliifungua. Nikaifunga. Sikuona kosa.
Jumapili nikapanda mawe ya Isamilo kuijaribu,
na jaribio likawa Jumapili thelathini.

Ziwa halikubali.
Navuta upana wote, nafunga tundu hadi nane,
nazuia pumzi kama ninayeweka usukani wa saa mahali pake:
mawe yaliyobebana, nyumba zilizong'ang'ania mawe,
bati, bati, bati, kisha maji yasiyo na ng'ambo,
na kwenye kioo inatoka kalenda.
Kalenda ya benki. Ya mwaka jana.
Labda ni jicho langu, lililozeeka
juu ya magurudumu madogo kuliko punje ya ulezi.

Basi nikalala kifudifudi.
Sentimita tatu, lenzi ikikaribia kulamba jiwe,
hapo ndipo nilipoanza kuona nchi:
kuvu ya rangi ya chungwa yenye ghuba na rasi na mipaka ya kugombaniwa;
mjusi wa kifua chekundu na kiuno cha bluu,
kope ya chini ndiyo inayopanda, hujui kama amelala au amekudharau;
na Igombe, alfajiri, mbele ya nyavu za kuanikia,
jicho la dagaa mmoja, bado bichi,
na ndani ya jicho hilo, naapa,
ziwa lote, ukingo hadi ukingo, limejikunja,
na mimi juu yake nimevaa kofia.

Nisidanganye, nilianza kusahau kwamba si yangu.
Namba ndizo zilizokumbuka.
Picha zake ziliishia mia mbili kumi na mbili.
Zangu zilipanga mstari nyuma yake kama wageni msibani,
safi, zimechongeka, kila unywele mahali pake.

Holo alikuja Jumanne
na stakabadhi iliyokunjwa mara nne.
Dada yake. Hakusema marehemu, alisema "alikuwa".
Nikamwonyesha: nzima, dada, tazama,
mjusi, kuvu, dagaa.
Akazipita kwa kidole kama anayechambua mchele,
nyuma, nyuma zaidi, hadi mia mbili kumi na mbili:
ua la gugu maji, au kitu kilichowahi kuwa ua,
zambarau iliyomwagika, haina ukingo.
Akatua.

"Hii ndiyo yake.
Mkono ulimwanza mwaka juzi. Kikombe kwanza, kisha kalamu.
Hakutaka tujue."

Mwenye mkono wa saa.
Na mimi nilimtafutia kosa
kwenye skrubu kumi na moja, kwa lensi ya jichoni, usiku kucha.

Akaulizia ada. Nikasema sikutengeneza kitu.
Nikaanza kufuta zangu, moja moja, ili arudishiwe kama ilivyoletwa;
kwenye jicho la dagaa akanishika kifundo cha mkono.
"Hiyo iache," akasema. "Alikuwa anapenda dagaa."
Tukacheka, kidogo, pasipo mahali pake.

Akaitia kwenye mkoba, chini ya mkate.

Stakabadhi ina nakala ya kaboni, bado iko kwenye kitabu.
Jina. Tarehe. Tatizo.
Kisha mstari wa Matengenezo,
ambao kalamu yangu huufikia kila jioni nikifunga hesabu
na kuuruka.